Bibi Zainab binti Jahsh na kazi ya mikono yake

Mwezi wa Julai mwaka jana nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda bara kumtazama binti yangu, ambaye mumewe anafanya kazi Kitengela, nao wamepanga nyumba huko Entarara katika Kaunti ya Kajiado. Sisi watu wa pwani tukisimuliwa baridi ya bara hudhani watu wanatia chumvi. Pande zile za Kitengela ni uwanda wa Wamaasai, nyasi na migunga, na siku hizi nyumba za mawe zinazoota kila mahali kama uyoga. Upepo wa Julai ukianza kuvuma hauna cha kuuzuia. Nilivaa fulana, na juu yake kanzu, na juu ya kanzu koti la mkwe wangu, na bado meno yalikuwa yakigongana.

Binti yangu alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto alilazwa hospitali majuma matatu kabla ya kuruhusiwa nyumbani, na nilipompakata alikuwa mwepesi kama kifaranga. Kichwani alivaa kofia ya sufu ya rangi ya manjano, ndogo kiasi cha kuvishwa chungwa. Niliuliza imenunuliwa duka gani, nikaambiwa haikununuliwa. Yuko bibi mmoja wa Kimaasai, jirani, mjane, ambaye hukaa mlangoni pake na sindano mbili akifuma kofia na soksi za watoto wachanga. Zikitimia ishirini au thelathini huzifunga katika mfuko akazipeleka hospitali, wakavishwa watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi yao. Waganga hueleza kwamba mtoto wa namna hiyo hupoteza joto jingi kupitia kichwani, kwa hiyo kofia si pambo kwake, ni dawa.

Asubuhi nilikwenda kumshukuru yule bibi, na hapo nikafanya kosa. Nilitoa noti ya shilingi elfu moja. Aliitazama, akacheka, kisha akaniuliza kwa upole kama huko kwetu Mombasa mtu akipewa zawadi huilipa. Niliirudisha noti mfukoni na haya imenijaa uso mzima.

Usiku ule usingizi ulinipaa, wala si kwa baridi peke yake. Nilimkumbuka marehemu mama yangu, pale Kibokoni, akishona kofia za mkono baada ya sala ya alasiri, na visa alivyokuwa akitusimulia huku kidole chake kimevaa subana. Kimoja kilikuwa cha mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliyekuwa na mkono mrefu kuliko wenzake wote. Utotoni nilidhani ni kisa cha ajabu tu, kama vile vya majini. Huko Entarara, na umri huu nilio nao, ndipo nilipoanza kukifikiri.

BINTI WA SHANGAZI

Nadhani wasomaji wengi, ukiwatajia Bibi Zainab binti Jahsh, mara watakukumbusha habari ya ndoa yake, kwa kuwa imetajwa katika Sura ya Al-Ahzab. Wasiokuwa Waislamu nao, hasa waandishi wa Ulaya, wameiandika habari hiyo hiyo kwa karne nyingi, tena wengine kwa nia mbaya. Mimi sikatai kwamba ndoa ile ni jambo kubwa. Lakini nionavyo, imemfunika mwenyewe. Wale walioishi naye mlango kwa mlango, alipokufa, hawakumkumbuka kwa harusi yake. Waliikumbuka mikono yake.

Alizaliwa Makka yapata mwaka 590. Baba yake, Jahsh, alikuwa mtu wa kabila la Asad bin Khuzaima, na mama yake ni Umaima binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Barra, maana yake mwema. Mtume hakupenda mtu ajisifu kwa jina lake mwenyewe, akambadilisha akamwita Zainab. Watu wa nyumba yao walisilimu mapema wakahamia Madina. Kaka yake, Abdullah bin Jahsh, aliuawa katika vita vya Uhud mwaka 625, akazikwa kaburi moja na mjomba wake, Sayyidna Hamza. Dada yake, Hamna, siku hiyo hiyo alipoteza kaka, mjomba na mume.

Alikuwa mwanamke wa nasaba, naye alijijua. Mtume alipomposea Zaid bin Haritha, mtu aliyewahi kutekwa na kuuzwa mtumwa, kisha akaachwa huru na kulelewa nyumbani kwa Mtume kama mwana, Bibi Zainab na ndugu zake walisita. Wafasiri wengi wanasema ndipo iliposhuka aya ya 36 ya Al-Ahzab, akakubali. Ndoa haikuwa na raha. Zaid alilalamika mara kwa mara, na Mtume akawa akimsihi abaki na mkewe, lakini mwisho wakaachana. Eda ilipokwisha, Mtume akamwoa yeye mwenyewe kwa amri iliyomo katika aya ya 37, ikavunjika ile desturi ya Waarabu ya kumhesabu mtoto wa kulea kuwa sawa na wa damu. Hiyo ilikuwa mwaka wa tano wa Hijra, yapata mwaka 627, na Bibi Zainab alikuwa na miaka kama thelathini na mitano.

Karamu yake, asema Anas bin Malik aliyekuwa kijana mtumishi wa nyumba ile, ilikuwa kubwa kuliko karamu za wake wengine: alichinjwa mbuzi, watu wakala mkate na nyama. Lakini liko jambo moja katika harusi ile ambalo mama yangu hakuliacha kamwe. Mama yake Anas, Bibi Umm Sulaim, hakuwa tajiri. Alitengeneza kwa mkono wake chakula cha tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, akakitia chomboni, akamtuma mwanawe akipeleke kwa Mtume pamoja na salamu na maneno ya kuomba radhi kwamba ni kidogo. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba waliokula chakula hicho walikuwa kiasi cha watu mia tatu. Basi Bibi Zainab aliingia nyumba ile kwa zawadi ya jirani iliyofanywa kwa mkono. Usiku huo huo wageni walikaa wakizungumza mpaka wakapitisha kiasi, Mtume akaona haya kuwaondoa, ikashuka aya ya hijabu.

NGOZI NA MSHARASI

Tusimfanye malaika. Bibi Aisha, aliyekuwa mke mwenza na mpinzani wake mkubwa, amesimulia kwamba Bibi Zainab alikuwa mwepesi wa hasira, ingawa hasira yake ilipoa upesi. Alikuwa akijitapa mbele ya wenzake kwamba wao waliozwa na jamaa zao na yeye aliozwa kutoka juu ya mbingu saba. Ile habari ya asali iliyotajwa na wafasiri katika Sura ya At-Tahrim chanzo chake ni nyumbani kwake: Mtume alikuwa akikawia hapo akinywa asali, wenzake wakaona wivu. Tena alipenda ibada mpaka kujichosha. Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zainab. Akichoka katika sala ya usiku huishika asianguke. Mtume aliamuru ifunguliwe, mtu asali maadamu ana nguvu, akichoka akae.

Hata hivyo, siku ya mtihani ilipokuja alisimama vizuri. Bibi Aisha aliposingiziwa uzushi mkubwa, wa kwanza ambaye angefaidika na kuanguka kwake alikuwa Bibi Zainab, na Hamna, dada yake mwenyewe, alikuwa miongoni mwa walioyapeleka maneno yale mbele, akifikiri anamsaidia nduguye. Mtume alimwuliza Bibi Zainab anajua nini. Alijibu kwamba anayalinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Bibi Aisha hakulisahau neno hilo maisha yake yote, na sifa nyingi tuzijuazo za Bibi Zainab zimetoka kinywani mwake.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Bibi Zainab alikuwa akidabagha ngozi na kuzishona. Neno la Kiarabu linalotumiwa na wapokezi ni la kutoboa ngozi na kuishona kwa msharasi, na ndugu ya neno hilo ni lile la shanga. Alivitengeneza vitu hivyo, akaviuza, na fedha yake akaitoa sadaka. Wala hakuianza kazi hii alipokuwa mjane. Katika Sahihi Muslim imetajwa kwamba siku moja Mtume aliingia kwake akamkuta anasugua ngozi. Wako pia waliopokea kwamba alikuwa akisokota nyuzi akawapa askari wa Mtume waliotumwa safari, wapate kushonea na kujisaidia nazo njiani.

Kudabagha si kazi ya kupendeza. Nilipomhadithia yule bibi wa Entarara habari hii, yeye si Mwislamu, lakini sikio lake lilisimama nilipofika kwenye ngozi. Alinieleza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akifanya hivyo hivyo, kabla ya shuka za dukani kuenea kwao, wakati wanawake wa Kimaasai walipovaa ngozi. Ngozi mbichi huwambwa chini kwa vigingi ikakauka juani, halafu hukwanguliwa nyama na manyoya, ikapakwa mafuta, ikasuguliwa kwa mikono siku baada ya siku mpaka ilainike. Ndipo huwekwa kwenye mapaja ikatobolewa tundu moja moja na kushonwa, na shanga zikapangwa. Aliniambia harufu yake huganda mkononi, hata uoge vipi. Waarabu wa zama zile walitumia maji na qaradh, tunda la aina moja ya mgunga, lakini kusugua ni kule kule na harufu ni ile ile. Nikamtafakari Bibi Zainab, mjukuu wa Abdul-Muttalib, mke wa Mtume, ambaye angeweza kukaa akatumwa mtu sokoni, ameinamia ngozi ya mbuzi katika chumba kilichokuwa ubavuni mwa msikiti.

Na kwa nini ahangaike? Wake za Mtume hawakuwa na mali ya kuchezea. Mara nyingi chakula cha nyumbani kilikuwa tende na maji. Mtu asiye na kitu hana sadaka, ila akiitengeneza. Hilo ndilo jibu nilionalo mimi.

KUPIMANA UKUTANI

Imepokewa kwamba Mtume aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata upesi baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Mtume alifariki mwaka 632. Baada yake, Mama hawa wa Waumini kila walipokutana katika nyumba ya mmoja wao waliinyosha mikono yao ukutani wakipimana. Katika mapokezi mengine walitwaa unyasi wakapimia. Msomaji, hebu lifikiri jambo hilo. Wajane hawa wenye heshima, baadhi yao watu wazima, wamejipanga ukutani, kila mmoja akitaka mkono wake uwe mrefu ili afe kwanza amfuate mume wake! Bibi Sawda alikuwa na umbo kubwa na mkono wake ndio uliozidi, wakadhani ni yeye. Bibi Zainab alikuwa mfupi, hakukaribia.

Walipimana hivyo miaka tisa. Mwaka wa 20 wa Hijra, sawa na mwaka 641, akafa Bibi Zainab, na Sawda yu hai. Bibi Aisha anasema hapo ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa, kwa kuwa Zainab alikuwa mwanamke wa kazi ya mikono, akidabagha, akishona na kutoa sadaka katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Hapa niseme jambo kidogo, maana nimewahi kuwasikia watu wakichanganya. Yuko Zainab mwingine, binti Khuzaima, naye pia mke wa Mtume, aliyeitwa Mama wa Masikini kwa ukarimu wake. Huyo alifariki Mtume angali hai, kwa hiyo habari ya mkono si yake.

Mama yangu alipokuwa akifika hapo kwenye ukuta, husimamisha sindano. Alikuwa na mikono mifupi, vidole vinene, na kofia moja humchukua miezi miwili au mitatu, maana hakushona ila baada ya kumaliza kazi za nyumba. Alizouza, sehemu ya fedha aliwanunulia daftari watoto wawili mayatima wa mtaa wetu. Jambo hilo nimelijua kutoka kwa mmoja wa hao mayatima, siku ya matanga yake. Mwenyewe hakutuambia.

DIRHAMU ELFU KUMI NA MBILI

Kisa cha mwisho ni cha ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab. Ushindi wa Sham, Iraq na Misri ulileta mali nyingi Madina, na Umar akawawekea watu posho kutoka Baitul-Mali. Wajane wa Mtume walipangiwa dirhamu 12,000 kwa mwaka. Kwa mtu aliyezoea kuchuma dirhamu moja moja kwa msharasi, hiyo ilikuwa mali ya kutisha.

Habari yake imesimuliwa na bibi aitwaye Barza binti Rafi. Fedha ilipoletwa, Bibi Zainab alidhani imeletwa kwake aigawe, akasema kuna wenzake wawezao kazi hiyo kuliko yeye. Akaambiwa yote ni yake. Alishangaa, akajisitiri isiangukiwe na macho yake, akaamrisha ifunikwe kwa nguo. Kisha akamwambia Barza atie mkono chini ya nguo, ateke gao moja ampelekee fulani, na gao jingine fulani, jamaa zake na mayatima. Akawa akitaja majina na Barza akiteka, mpaka ikabaki kidogo. Barza akamkumbusha kwamba na wao waliopo wana haki yao. Akawaambia kilichosalia chini ya nguo ni chao. Walipoifunua walikuta dirhamu 85. Bibi Zainab akanyanyua mikono yake akamwomba Mwenyezi Mungu kwamba posho ya Umar isimkute tena baada ya mwaka huo.

Umar alipopata habari alikuja mpaka mlangoni pake akamsalimu, akampelekea dirhamu 1,000 nyingine ajiwekee matumizi. Nazo alizifanya kama zile za kwanza.

Nimekifikiri sana kisa hiki, nikaona kuna jambo ndani yake ambalo wahubiri wetu hulipita. Wao husifu kwamba alitoa mali nyingi. Lakini ile mali nyingi ndiyo iliyomtia hofu! Hakuna ngozi aliyoiogopa, wala hakuna uzi aliousokota kisha akaufunika asiuone. Noti yangu ya shilingi elfu moja niliitoa kwa wepesi, nikitaka deni liondoke mkononi mwangu. Ile kofia ya manjano ilimkalisha mtu mlangoni katika upepo, macho yenyewe yamechoka, akihesabu mishono kwa ajili ya mtoto ambaye hajamwona.

Dua yake ilijibiwa, kwani posho ya pili haikumkuta. Aliyekwisha kujiandalia sanda aliwausia jamaa zake kwamba Umar akileta sanda nyingine, mojawapo itolewe sadaka. Umar alileta nguo tano kutoka Baitul-Mali, akakafiniwa kwa hizo, na ile sanda yake mwenyewe Hamna akaitoa sadaka. Wako wapokezi wasemao kwamba Asma binti Umais, aliyewahi kuhamia Uhabeshi, ndiye aliyeshauri atengenezewe jeneza lenye kuba la kufunikwa nguo kama alivyoliona huko, ili umbo la maiti lisidhihiri. Mfano wake tungali tukiuona pwani kwa maiti wa kike. Umar alimsalia. Siku hiyo jua lilikuwa kali, akaamuru hema lisimamishwe juu ya wachimba kaburi huko Baqii. Umri wake ulikuwa kama miaka hamsini na mitatu.

Hakuacha dinari wala dirhamu. Alichoacha ni kile chumba cha kusugulia ngozi. Miaka mingi baadaye Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik alipotaka kuupanua msikiti wa Mtume, warithi walimuuzia chumba hicho kwa dirhamu 50,000.

Mjukuu wangu sasa ana nguvu, na kichwa chake kimekua. Nilipokuwa nikifunga mzigo wangu kurudi Mombasa, binti yangu alikuwa ameifua ile kofia na kuianika juu ya seng'enge. Yule bibi alikuja kuichukua. Nilimpa, safari hii, mabunda manne ya uzi wa sufu niliyoyanunua Kitengela, na hayo aliyapokea.